Mwaka wa Kuitikia Kila Kitu

Kazini walimwita Umeme, na jina hilo hakupewa kwa utani mtupu. Chumba cha kupigia pasi katika kile kiwanda cha kufulia kilikuwa na wanawake tisa, rola mbili za mvuke za kunyooshea mashuka na meza moja ndefu ya kukunjia, na kati ya wote tisa hakuna aliyemfikia kwa kasi. Mashuka ya hoteli yalikuja mabichi kwenye matoroli, yeye akiyadaka, akiyakung'uta mara moja tu, na kuyalisha kwenye rola kabla mwenzake wa upande wa pili hajashika ncha. Mwenzake huyo walimwita Bibi Harusi, kwa kuwa alikuwa ameolewa miaka kumi na mitano iliyopita na bado hajamaliza kusimulia harusi yake.

"Umeme, nionee huruma," Bibi Harusi alikuwa akilalama. "Mungu kanipa mikono miwili tu."

"Basi itumie yote. Mmoja naona umeupa likizo."

Kumbe sehemu ya kasi ile ilikuwa ugonjwa. Miaka miwili ya mwisho alikuwa akila sahani mbili na bado anakonda. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi tu anavua viatu. Vidole vilimtetemeka hadi uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Jasho lilimtiririka asubuhi ambazo wenzake wamevaa sweta, na macho yalimtoka pima, akawa kila saa anaonekana kama mtu aliyepewa habari mbaya sasa hivi. Hasira ndiyo usiseme. Aliwahi kumrushia mumewe kandambili kwa sababu ya namna anavyotafuna karanga. Na siku moja, mbele ya watu, alimwambia wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa hesabu ambaye hakujaliwa mtoto: "Wewe usinifundishe kulea. Umelea nani?" Wifi alichukua mkoba wake akatoka, na hakukanyaga nyumba ile kwa muda mrefu.

Hospitalini walimwambia ni tezi ya shingo. Inafanya kazi kupita kiasi, inamwaga homoni mwilini bila breki. Alimeza vidonge mwaka na nusu, akapata nafuu, akaachishwa, ugonjwa ukarudi palepale. Ndipo daktari wa tezi, mwanamama mfupi aliyening'iniza miwani kifuani kwa uzi, alipomwambia habari ya iodini ya mionzi.

"Tezi inapenda iodini," alisema. "Tutaipa iodini yenye mionzi, itaila yenyewe, na ikishaila itanyauka. Moto tutauzima."

"Na ukizimika kabisa?"

"Aghalabu huzimika kabisa. Hapo utaanza kidonge kingine cha kukupa ile homoni ambayo tezi haitoi tena, na hicho utakimeza maisha yako yote. Si jambo la kutisha. La kutisha ni kutokuja kupima. Usingoje mpaka uumwe, mama. Njoo kwa tarehe."

Akamwandikia tarehe kwenye kadi ya kijani: wiki ya sita, mwezi wa tatu, mwezi wa sita, kisha kila mwaka.

Dawa yenyewe ilikuwa kidonge kimoja ndani ya kopo zito la madini ya risasi. Fundi wa mionzi alikitoa kwa koleo refu, akakitia kwenye kikombe kidogo, akarudi nyuma hatua tatu na kumwambia ameze. Alimeza, akashushia na maji.

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi," alisema fundi akiwa mbali. "Ila wiki tatu usilale na mtu kitanda kimoja, na mtoto usimpakate."

Alikuwa na watoto watatu. Wawili wakubwa walishaondoka nyumbani, na wa mwisho, binti wa miaka tisa, wote walimwita Kitinda. Kitinda alikuwa mtoto wa maswali. Alipoelezwa kwamba mama amemeza kitu chenye mionzi, aliuliza kama mama atawaka gizani. Alipoambiwa hapana, akaonekana kusikitika.

Ilikuwa likizo ya shule. Mumewe, aliyekuwa msoma mita za maji na ambaye kwa kutembea nyumba hadi nyumba alijifunza kusema na kila mtu kwa upole, alimpigia simu dada yake. Dada yake hakutaka kusikia habari za ile nyumba, lakini mtoto alimkubali. Kitinda akakaa kwa shangazi yake wiki tatu, mwendo wa saa nne kwa basi, akarudi na daftari lililojaa mafumbo ya hesabu. Wiki ya sita Umeme alikwenda kupima. Damu ilikuwa nzuri. Alitoka pale hospitalini akitembea kama watu wengine, moyo umetulia kifuani, na akajihesabu amepona.

Alianza kupoa taratibu, na hakuna aliyeona ubaya.

Mumewe aliona kwanza kwamba milango haibamizwi tena. Akaona kwamba anaweza kutafuna karanga. Akarudi na viatu vyenye tope siku moja, akapita navyo hadi sebuleni, akakumbuka katikati ya chumba na kusimama akingoja radi. Mkewe alitazama tope, akatazama viatu, akasema, "Umerudi?" Yule bwana aliwaambia wenzake kazini kwamba dawa ile serikali ingeigawa bure. Mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea, alisema sasa mwanawe amepata mke. Majirani walisema ametulia, amenawiri, amependeza kwa unene.

Kazini walitania. "Umeme umekatika," Bibi Harusi alisema siku shuka lilipobaki mikononi mwa Umeme huku rola inazunguka bure. Mwingine akadakia, "Si kukatika, huu ni mgao." Wote wakacheka. Yeye pia alicheka, yaani alifungua mdomo wakati walipofungua wao. Alikuwa amevaa sweta. Katika chumba kile ambacho mvuke ulifanya rangi ibanduke darini, ambako wenzake walifungua vifungo na kujipepea kwa vifuniko vya maboksi, alikuwa amevaa sweta lenye mikono mirefu, na miguuni soksi za mumewe.

Sauti ilizidi kuwa nzito. Mwanawe mkubwa alipiga simu, akasikia "haloo", akasema, "Shikamoo baba, nipe mama." "Ni mimi mama," Umeme akamwambia. Kijana akadhani amefanyiwa mzaha. Nywele zilibaki kwenye kitana, ngozi ya mikono ikakauka ikawa inakwaruza foronya, na nyusi zikamnyonyoka upande wa nje, lakini hilo aliliona kwa kuwa tu kioo cha bafuni kilikuwa mbele yake na hakuwa na nguvu ya kutazama kwingine.

Hakuwa na huzuni. Mtu angemuuliza kama ana huzuni angesema hana, na angekuwa mkweli. Huzuni ni kitu, na ndani yake hakukuwa na kitu. Alilala kwa saa kumi, akaamka na usingizi. Akiletewa chakula alikula, asipoletewa hakukitafuta. Akiwa peke yake alikaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha na kusikiliza friji ikiwaka na kuzima. Wazo lilikuja, likakaa mlangoni, na kabla hajaamka kulipokea lilishakwenda zake.

Tarehe ya mwezi wa tatu ilifika. Kadi ya kijani alikuwa nayo kwenye droo ya vijiko, na kila alipochukua kijiko aliiona. Hospitali ilikuwa mabasi mawili. Kupanda mabasi mawili kulionekana kama kazi ya kuhamisha kabati. Alisema kesho, na kesho akasema kesho. Halafu juu ya kadi wakaweka kifungua chupa na kitambulisho cha mtu, akaacha kuiona.

Mwezi wa tano baada ya ile iodini, wifi yake alikuja.

Alikuja Jumamosi mchana, amevaa gauni la kijivu la kikazi, mkoba mapajani kama mtu asiyejua atakaa au atafukuzwa. Mumewe ndiye aliyemwita. Wakakaa sebuleni watatu, na Kitinda akaambiwa akacheze nje, asiende, akasimama nyuma ya pazia la mlango ambapo vidole vya miguu yake vilionekana.

"Wifi," alisema mwalimu, "sikuja kwa ugomvi. Kaka amenieleza kwamba unachoka. Na mimi nimeona mtoto alivyo kwenye hesabu. Pale shuleni kwangu nafasi ipo. Nyumba nzima ninaishi peke yangu. Nilikuwa nasema, kama mtaona vyema, akae na mimi. Asome."

Umeme alimtazama. Aliona kwamba wifi ameanza kuota mvi pembeni.

"Kwa muda gani?" aliuliza mumewe, ingawa jibu walishalizungumza kwenye simu.

"Hata mpaka amalize darasa la saba. Au mpaka mtakaposema wenyewe."

Nyuma ya pazia vidole vya miguu vilijikunja. Kila mtu pale alikuwa akingoja Umeme ainuke. Mumewe alikuwa tayari ameandaa maneno ya kumtuliza, na wifi alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Yeye alikuwa akifikiri kwamba mto wa kiti umebonyea vizuri mgongoni, na kwamba wakiendelea kuzungumza hatalazimika kusimama.

"Sawa," alisema.

"Sawa?" aliuliza wifi.

"Eeh. Sawa. Akasome."

Kitinda aliondoka Jumapili ya wiki iliyofuata, na begi la nguo na mfuko wa viatu. Kituoni alimshika mama yake kiunoni, akakaa hivyo, akamtazama usoni kwa muda mrefu kama anayesoma maandishi madogo. Umeme alimpapasa kichwa. Alijua kwamba hapa mama hulia. Alingoja kuona kama kitu kitakuja, kikakataa, na basi likaondoka. Walipofika nyumbani mumewe aliingia bafuni akakaa kitambo, akatoka na macho mekundu. Yeye alikwenda kulala.

Kila Jumapili mtoto alipiga simu. Alisimulia habari za mwalimu wa muziki, za rafiki mwenye meno ya kuazima, yaani ya bandia, mtoto wa watu aliyeanguka na baiskeli. Umeme alisema "eeh", alisema "vizuri", alisema "msikilize shangazi yako". Baadaye simu zikawa fupi. Baadaye zikawa za baba tu.

Mwezi wa tisa aliungua. Shuka lilikuwa limejikunja kwenye mdomo wa rola, jambo ambalo hutokea mara kumi kwa siku, na kila mpiga pasi anajua kwamba unabonyeza kitufe chekundu kwanza. Umeme aliingiza mkono. Mvuke ukamshika kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Bibi Harusi ndiye aliyepiga ukelele na kubonyeza kitufe, na baadaye alisimulia hivi, siku hiyo moja akiwa ameisahau harusi yake:

"Hakuutoa. Naapa. Aliutazama mkono wake kama mkono wa jirani. Mpaka mimi nimeshapiga kelele ndipo akautoa, pole pole, kama anatoa shuka."

Kwenye chumba cha vidonda cha zahanati iliyo karibu kulikuwa na muuguzi wa makamo, mwanamume mwenye tumbo na mikono myepesi. Alisafisha, akapaka dawa, akafunga bandeji huku akipiga soga, na kila alichouliza kilijibiwa baada ya kitambo.

"Mafua, mama?"

"Sina."

"Sauti hiyo tangu lini?"

"Ndiyo yangu."

Muuguzi akaacha kufunga. Akamshika kifundo cha mkono usioungua, akatazama saa yake ya ukutani, akahesabu mapigo dakika nzima. Arobaini na nane. Akamtazama uso uliojaa kama umetoka usingizini, akatazama nyusi.

"Umewahi kutibiwa tezi wewe?"

"Mwaka jana. Iodini."

"Na ulipima lini mara ya mwisho?"

Alifikiri. Muuguzi alimaliza bandeji, akakata plasta, akakusanya vifaa, na bado alikuwa akifikiri.

"Nani yuko nyumbani?" aliuliza muuguzi. "Nipe namba yake."

Kwa hiyo safari ile ya mabasi mawili alipelekwa na mumewe, ameshikwa mkono usiouma. Daktari wa tezi alivaa miwani yake, akamtazama akiingia kutoka mlangoni hadi kitini, na kabla damu haijachukuliwa alikuwa ameshaandika nusu ya karatasi. Alimpigisha magoti juu ya kiti, nyayo zikining'inia, akagonga ukano wa kisigino kwa kinyundo cha mpira. Mguu ulishtuka, kisha ukarudi mahali pake taratibu mno, kama mlango wenye springi mbovu. Mumewe aliomba aone tena. Daktari akagonga tena.

"Umeona? Mwili mzima unakwenda hivyo. Moyo, tumbo, mawazo." Akamgeukia mgonjwa. "Mama, miezi hii ulijisikiaje?"

"Sikujisikia."

"Vibaya?"

"Hapana. Sikujisikia."

Daktari alivua miwani. "Ndiyo hivyo hasa," alisema. Kisha, kwa mumewe, bila ukali: "Na wewe bwana, hukuona?"

"Niliona," alisema msoma mita. "Nilidhani amepona."

Majibu ya damu yalikuwa mabaya kiasi kwamba mtu wa maabara alipima mara mbili. Tezi ilikuwa imezimika kabisa, na kwa miezi mingi mwili ulikuwa ukienda bila homoni yake. Akaandikiwa kidonge kidogo cheupe: kila asubuhi, tumbo tupu, na maji matupu, kisha akae nusu saa au zaidi kabla ya chai. Dozi ianze chini kwa ajili ya moyo, ipande polepole, damu ipimwe kila baada ya wiki sita. Safari hii kadi ya kijani mumewe aliibandika kwenye mlango wa friji.

Wiki za kwanza hakuna kilichobadilika. Alimeza kidonge saa kumi na mbili asubuhi, akakaa. Alimeza, akakaa. Wiki ya tano alivua sweta kazini, akashangaa kuliona mkononi. Wiki ya saba bomba la jikoni lilikuwa likivuja, kama lilivyovuja mwaka mzima, tone, tone, tone, na ghafla akasema kwa sauti, "Hivi huyu mtu anasoma mita za mji mzima, bomba la nyumbani kwake linamshinda?" Mumewe alitoka chumbani mbio na spana mkononi. Alikuwa anatabasamu na kuogopa kwa pamoja.

Dozi ikapandishwa. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kurudi, si yote, wala si kwa mpangilio. Alijua muda wote kwamba Kitinda yuko kwa shangazi yake. Hakuwahi kusahau. Lakini asubuhi moja, akingoja nusu saa yake ipite, alitazama ndoano ya nyuma ya mlango ambapo begi la shule lilikuwa likitundikwa, na lile alilolijua likamfikia. Hakulia. Aliingia chumbani akamwamsha mumewe.

"Mtoto yuko wapi?"

Mumewe alikaa kitandani. "Unajua alipo."

"Najua alipo. Nauliza kwa nini."

"Ulisema sawa."

"Mimi? Katika miaka ishirini na miwili umenisikia nikisema sawa mara ngapi?"

Yule bwana alitafuta kandambili kwa miguu, hakuziona.

"Ndiyo maana nilifurahi," alisema mwisho. "Nisamehe. Niliona nyumba imepoa. Unapiga hodi nyumba mia kwa siku, watu wanakufokea kwa sababu ya bili ambayo hukuiandika wewe, unarudi kwako kimya. Nilijua kuna kitu. Sikutaka kukiuliza."

Alitaka kumrushia kitu. Hasira iliinuka hadi kifuani, ikakaa hapo, ikashuka. Bado hakuwa na nguvu ya kutosha kwa hasira nzima.

"Jumamosi nakwenda," alisema.

Alikwenda peke yake. Nyumba za walimu zilikuwa nyuma ya shule, safu moja, kila moja na tangi lake la maji na kiraka cha maua. Wifi alimpokea mlangoni, akampokonya mfuko, akamkaribisha ndani. Sebuleni kulikuwa na meza ndogo ya kusomea iliyotengenezwa kwa kipimo cha mtoto, na juu yake kalamu zimepangwa kwa urefu.

Kitinda alitoka chumbani. Alikuwa amerefuka. Alisimama karibu na ukuta, mikono nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Ndiyo kwanza amsikie mwanawe akimwamkia kama mgeni. Umeme alinyoosha mkono. Mtoto alitazama ule mkono, kisha akamtazama shangazi yake, kisha akauliza, kwa adabu kabisa:

"Mionzi imekwisha?"

Wifi alikuwa ameshika birika.

"Mionzi gani, mwanangu?" aliuliza Umeme.

"Ile uliyomeza. Si ndiyo maana nililetwa huku mara ya kwanza, ili isinipate? Nikarudi, halafu nikaletwa tena. Nikajua haijakwisha." Akafikiri. "Nilimuuliza baba kwenye simu kama umepona, akasema bado bado. Na wewe ulikuwa huongei. Nikajua inakula sauti."

Umeme aliketi chini, sakafuni palepale, kwa sababu kiti kilikuwa mbali. Alimwambia kwamba mionzi ilikwisha zamani, ndani ya zile wiki tatu. Alimwambia kwamba alichokuwa nacho baadaye ni ugonjwa mwingine, wa mwili kukosa kitu fulani, na kwamba mtu mwenye ugonjwa huo anaweza kukaa kwenye kiti huku mtoto wake anaondoka, asisikie.

"Asisikie kwa masikio?"

"Kwa masikio anasikia. Hasikii kwingine."

Kitinda alilipima jibu hilo. "Kwa hiyo hukunichoka."

"Sikukuchoka."

"Lakini hukulia."

"Sikulia."

Mtoto akaja akakaa kando yake, si karibu sana, mabega yao yakiwa na nafasi ya kupitisha kitabu. Wakakaa hivyo mpaka chai ikawa tayari.

Alasiri, Kitinda alipokwenda kucheza, wanawake wawili walibaki uwanjani wakitazama watoto wakirushiana mpira kati ya mistari ya chokaa.

"Sikumwiba," alisema wifi.

"Najua. Nilikupa mwenyewe."

"Ngoja nimalize." Mwalimu alizungumza akitazama mbele, kama anayesikiliza mwanafunzi asiyempenda. "Siku ile uliposema sawa, nilijua hauko vizuri. Wifi yangu ninayemjua angenirushia kile kiti na meza yake. Nilijua, nikajua kwamba ninajua, nikanyamaza. Nilimtaka mtoto. Nikasema moyoni, nikiuliza tu, akili itamrudia."

Upepo ulisogeza vumbi la chokaa. Umeme alingoja chuki impande. Alikuta badala yake kitu kidogo kigumu, hakujua kukipa jina.

"Na mimi lile neno nililokwambia mbele ya watu."

"Ulikuwa unaumwa."

"Nilikuwa naumwa. Lakini neno lilikuwa langu. Ugonjwa ulilisukuma tu nje."

Wifi aliitikia kwa kichwa. Hakusema yamekwisha, na Umeme hakumtaka aseme. Baadaye aliuliza, sauti ikiwa chini, "Unamchukua leo?"

Nguo za mtoto zingeingia kwenye begi kwa dakika tano. Basi la mwisho lilikuwa saa kumi na moja. Umeme alimwita Kitinda, akamuuliza yeye. Kitinda, akihema, mpira kwapani, alisema mitihani ni baada ya wiki saba, na kwamba yuko kwenye kundi la kuimba, sauti ya pili, na wakiondoa mtu mmoja sauti ya pili inabaki na watu wawili ambao mmoja wao hajui kitu. Kisha akauliza kama mama atakasirika.

Akasema hatakasirika. Alikasirika kidogo, ndani kwa ndani. Alipanda basi peke yake, shingo upande, na njiani alilala.

Wiki saba zile alikwenda kila Jumamosi ya pili. Kazini waliona kasi inarudi, ingawa si ile ya zamani, na Bibi Harusi alishukuru kwa hilo, maana sasa aliweza kusimulia harusi yake hadi kwenye keki bila kupitwa na shuka. Daktari alipandisha dozi tena, akaishusha kidogo moyo ulipoanza kudunda, akaiacha hapo. Alimwambia namba zimekaa sawa. Alimuuliza kama na yeye amekaa sawa. Umeme alijibu kwamba kuna siku anajisikia na kuna siku anatazama tu, na daktari akasema hilo huchukua muda kuliko namba, akaliandika.

Shule zilipofungwa Kitinda alirudi na begi, mfuko wa viatu na ile meza ndogo, ambayo baba yake aliibeba kichwani kutoka kituoni huku akiwasalimu wateja wake wa maji mtaa mzima. Wifi hakuja kumsindikiza. Alisema ana madaftari ya kusahihisha. Walikubaliana kila likizo ndefu mtoto ataigawa nusu kwa nusu, na Kitinda, akiwa mtu wa hesabu, aliuliza likizo ya siku ishirini na moja itagawanywaje.

Siku ya kwanza ya muhula mpya Umeme aliamka saa kumi na mbili kasoro, akameza kidonge, akamketisha Kitinda kati ya magoti yake na kuanza kumsuka wakati nusu saa inapita. Asubuhi ilikuwa na kibaridi. Kitana kilikwama nyuma ya sikio, akavuta.

"Aii!" Kitinda aliinamisha kichwa. "Shangazi havuti hivyo. Shangazi analowesha kwanza."

Mkono wa Umeme ulisimama hewani. Neno lile lilimchoma waziwazi, mahali hasa, kama sindano iliyopata mshipa. Alikaa nalo. Kisha akanyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na bakuli la maji, akaketi tena.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapo. Na juu kidogo."

Akalowesha vidole, akaendelea.